Kamera Imemwona Mtu Nyuma ya Tipa. Halafu?

Tipa linarudi rivasi saiti, taratibu tu, kilomita 10 kwa saa. Dereva ametupia jicho kioo cha kulia, kisha cha kushoto, hakuna mtu. Nyuma ya bodi, mita 5 kutoka kwenye matairi, fundi amechuchumaa anafunga nondo, mgongo kaupa lori. Mlio wa rivasi anausikia, lakini umekuwa ukilia tangu asubuhi, wa lori hili na wa mengine matatu, na masikio yake yameshauzoea kama yalivyozoea kelele za mashine ya zege.

Sasa tuseme tipa hilo limefungwa kamera yenye akili mnemba, na kamera imemtambua fundi papo hapo. Kengele inamlilia dereva. Fundi ameokoka?

Tupige hesabu. Kwa mwendo huo lori linakula karibu mita 2.8 kila sekunde. Dereva aliyeshtuliwa huchukua kama sekunde moja na nusu kuelewa kuna nini na kuhamisha mguu hadi kwenye breki, na katika muda huo lori limeshasogea mita 4.2. Zimebaki sentimita 80. Lori lililosheheni mchanga, kwenye udongo uliolegea, linahitaji mita nzima au zaidi ili lisimame. Kwa hiyo kamera imefanya kazi yake vizuri kabisa, na fundi amegongwa.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu akili mnemba kwenye ujenzi huishia pale mashine inapomwona mtu. Video za matangazo huonyesha visanduku vya rangi vikiwazunguka wafanyakazi kwenye skrini, na mtazamaji anaamini shida imekwisha. Kumwona mtu ndiyo sehemu iliyopiga hatua kubwa zaidi. Ugumu uliobaki uko katika sekunde mbili zinazofuata.

Nani anakufa, na kwa nini

Shirika la Kazi Duniani liliwahi kukadiria kwamba ajali za ujenzi huua watu wasiopungua 60,000 kila mwaka duniani kote. Marekani peke yake, sekta hii hupoteza takriban wafanyakazi 1,000 kwa mwaka, karibu mmoja katika kila watano wanaokufa kazini. Wakaguzi wa huko wana vikundi vinne wanavyovitaja kila mara: kuanguka kutoka juu, kugongwa na kitu, kupigwa na umeme, na kubanwa au kufukiwa. Kuanguka ndiko kunakoongoza.

Kwa maoni yangu, kwenye kuanguka akili mnemba haina mengi ya kusema. Ukingo wa ghorofa unataka reli, jukwaa linataka mbao zilizokazwa, na kamera inayotangaza kwamba fulani yuko karibu na ukingo imechelewa kuliko reli ambayo ingekuwepo tangu asubuhi. Kwenye mashine zinazotembea hali ni tofauti, maana huwezi kuweka reli kuzunguka kitu kinachohama. Hapo ndipo teknolojia hii inapostahili kusikilizwa.

Chanzo chenyewe ni umbo la mashine. Dereva wa tipa kubwa anakaa juu sana hivi kwamba mtu aliyesimama mbele kabisa ya bampa anaweza asimwone hata kofia. Ekskaveta, au kijiko kama mafundi wanavyokiita, kina mkono mnene unaoziba upande mmoja wa kioo, na nyuma kina tako la chuma linalozunguka pamoja na kibanda. Tako hilo likipita karibu na ukuta, nafasi iliyokuwa ya kupita mtu inageuka mtego ndani ya sekunde moja au mbili. Dereva hakufanya uzembe wowote. Alikuwa anaangalia ndoo, kama inavyompasa.

Kwa nini mitambo ya zamani ilizimwa

Vifaa vya kuhisi vitu nyuma ya lori si vipya. Rada na vihisi vya mawimbi ya sauti vimekuwepo kwa miaka mingi, na kiwango cha kimataifa cha kuvipima kwenye mashine za ujenzi, ISO 16001, kilitoka mwaka 2008. Kasoro yao ni kwamba havikuwa vinajua tofauti kati ya mtu na pipa. Lundo la kokoto, ukuta, lori lililoegeshwa, vyote vilipigiwa kengele ileile. Saiti imejaa vitu vya namna hiyo, basi kengele ililia siku nzima, na dereva yeyote mwenye akili timamu huacha kuisikiliza, au huipunguza sauti, au hukifunika kihisi kwa gundi ya karatasi.

London ilikutana na jambo hilohilo barabarani. Jiji hilo linataka malori yenye uzito wa zaidi ya tani 12 yawe na kibali kinachotegemea kiasi dereva anachoona kwa macho kutoka kwenye kibanda chake. Oktoba 2024 masharti yalikazwa, na mojawapo linahusu vihisi vya pembeni: visipige kengele kwa sababu ya nguzo za barabarani au magari yaliyosimama. Sharti hilo ni dogo kwenye karatasi, lakini kulitimiza kunadai kifaa kijue kimeona nini.

Ndipo akili mnemba inapoingia. Zamani mhandisi aliandika kanuni: mtu ana urefu huu, upana huu, anasogea hivi. Kanuni hizo zilivunjika mara mtu alipoinama. Mwaka 2012, mtafiti wa kompyuta Alex Krizhevsky na wenzake walionyesha kwamba mtandao wa neva wenye tabaka nyingi, yaani programu inayojifunza kwa mifano, ukilishwa picha zaidi ya milioni moja zilizowekwa majina, unajitafutia wenyewe alama za kutofautisha vitu, na kwa ubora ulioziacha mbali mbinu za awali. Miaka michache baadaye zikaja programu za aina ya YOLO, ambazo huitazama picha mara moja tu na kutoa kila kitu kilichomo pamoja na mahali kilipo. Kasi hiyo ndiyo iliyowezesha kazi kufanyika ndani ya lori lenyewe, kwenye kompyuta ndogo, bila kusubiri intaneti.

Lakini programu haisemi "huyu ni mtu." Inatoa namba: 0.91 mtu, 0.34 mtu. Binadamu ndiye aliyeamua kengele ilie kuanzia namba gani, na uamuzi huo una gharama pande zote mbili. Ukishusha kizingiti, kila koti lililotundikwa kwenye msumari litakuwa mtu. Ukikipandisha, fundi aliyejikunja nyuma ya rundo la matofali atapita bila kuonekana.

Kamera ikipiga picha 30 kwa sekunde kwa zamu ya saa 10, siku moja inazaa picha 1,080,000. Tuseme programu ni hodari, inakosea picha moja tu katika kila 10,000. Bado hizo ni kengele za uongo 108 kwa siku, karibu moja kila dakika tano na nusu, na tumesharudi kwenye gundi ya karatasi. Kwa hiyo watengenezaji huiambia programu isubiri imwone mtu kwenye picha kadhaa mfululizo kabla ya kupiga kelele. Zikiwa picha tano, ni sehemu ya sita ya sekunde. Inaonekana si kitu, ila tipa letu limesogea karibu nusu mita zaidi kumwelekea fundi.

Mtu asiyefanana na mtu

Programu iliyofunzwa kwa picha inamjua mtu kama alivyo kwenye picha ilizopewa. Picha nyingi za mafunzo zina watu waliosimama wima, mchana, wamevaa vizuri. Saiti ina watu waliopiga magoti, waliolala chini ya mtambo, waliozama mtaroni hadi kifuani, waliobeba karatasi ya plaiwudi inayowafunika kuanzia kichwani hadi magotini. Vesti ya rangi ya chungwa iliyoshonwa ili ing'ae inaweza kumezwa na ekskaveta ya rangi ya chungwa iliyo nyuma yake. Vumbi la saruji humpaka mtu rangi ya ukuta.

Hatari ya mambo haya ilijionyesha nje ya ujenzi. Machi 2018, huko Tempe, Arizona, gari la majaribio lililokuwa likijiendesha lilimuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku akikokota baiskeli. Wachunguzi wa usalama wa usafiri wa Marekani walikuta kwamba vihisi vilimgundua sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Muda ulikuwepo wa kutosha. Ila programu ilikuwa inambadilisha jina: mara ni gari, mara ni kitu kisichojulikana, mara ni baiskeli. Kila ilipombadilisha ilisahau alikotoka, ikashindwa kukadiria anakokwenda. Tena haikuwa imetayarishwa kutegemea mtu avuke pasipo na kivuko. Badilisha baiskeli uweke toroli la zege, na uko saiti, mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayevuka kwenye kivuko.

Dawa mojawapo ni kuchanganya vihisi. Rada inapenya vumbi na mvua, na inapima umbali vizuri, japo haijui vizuri ilichokipima. Kamera inajua, ila inapofuka lenzi ikipata tope. Kitambulisho cha redio kilichofungwa kwenye kofia ya mfanyakazi kinaonekana hata akiwa nyuma ya ukuta, na vile vinavyotumia mawimbi ya redio ya masafa mapana (UWB) hupima umbali kwa kukosea sentimita kumi hadi thelathini hivi. Lakini aliyekivua, aliyeishiwa betri, na dereva wa nje aliyeleta saruji akashuka kukojoa, hawa kwa mfumo huo hawapo duniani. Ndiyo maana ningeogopa saiti iliyotegemea vitambulisho peke yake kuliko saiti isiyo na mfumo wowote. Kwenye hii ya pili angalau dereva anajua kwamba hajui.

Tope kwenye lenzi linastahili neno zaidi, maana ni tatizo la kila siku na halina mvuto wa kuandikiwa matangazo. Mfumo mzuri hutambua kwamba umepofuka na husema hivyo kwa sauti. Mfumo mbaya hunyamaza, na ukimya wake dereva anausoma kama "njia nyeupe."

Nani akanyage breki?

Turudi kwenye ile mita 4.2 iliyoliwa na dereva aliyeshtuka. Kuna njia mbili za kuirudisha: kuona mapema zaidi, mita 8 au 10, au kumtoa dereva kwenye mnyororo na kuiacha mashine ikanyage breki yenyewe.

Migodi imekwenda mbali zaidi kwenye njia ya pili. Afrika Kusini, tangu Desemba 2022, kanuni za usalama migodini zinataka mashine za dizeli zinazotembea chini ya ardhi zipunguze mwendo na kusimama zenyewe pale ambapo onyo limetolewa na mwendeshaji hakuchukua hatua. Kwa ujenzi kipo kiwango cha ISO 21815, kinachoeleza namna mfumo wa kutambua hatari unavyozungumza na breki za mashine, hata kama vimetoka kwa watengenezaji tofauti.

Kwa nini basi saiti zote zisifuate? Kwa sababu mgodi unaweza kuwatenga watu na mashine, lakini ujenzi unawaweka bega kwa bega kwa makusudi. Kijiko kinachimba huku mtu akisimama mtaroni kupima kina. Kreni inashusha boriti mikononi mwa watu. Ukiamuru mashine isimame kila inapomwona binadamu ndani ya mita 5, kazi itakufa kabla ya saa nne asubuhi, na kufikia mchana mtu atakuwa amekata waya. Mifumo inayoeleweka huchora maeneo yanayobadilika: mashine ikisimama eneo jekundu ni dogo, ikirudi nyuma linarefuka nyuma, kibanda kikianza kuzunguka linafuata tako. Wengine huongeza kipengele cha ruhusa, ambapo aliyeko mtaroni anabonyeza kitufe na mashine inashusha nguvu mpaka atakapotoka. Huko ndiko ningependa kuona pesa zikienda.

Badala yake, bidhaa inayouzwa kwa wingi ni kamera ya kuhesabu kofia. Sishangai. Kofia ngumu ni duara lenye rangi kali, hakuna kitu rahisi zaidi kuifunza programu, na picha zake zimejaa mtandaoni. Meneja anapata ripoti nzuri ya kila wiki: asilimia kadhaa wamevaa, kadhaa hawakuvaa. Lakini wataalamu wa usalama kazini hupanga kinga kwa ngazi. Juu kabisa ni kuiondoa hatari, kisha kuibadilisha, kisha kumtenga mtu nayo, kisha taratibu na maonyo, na mwisho kabisa vifaa vya kuvaa. Kofia iko kwenye ngazi ya chini. Inasaidia nyundo ikidondoka. Chini ya mashine ya tani 30 haibadilishi kitu.

Kamera ileile ingeweza kufanya kazi ya ngazi za juu kama ingeulizwa swali jingine: watu na malori wanakutana wapi? Chukulia saiti ambayo ramani ya mikutano hiyo inaonyesha doa jekundu kila mchana kwenye njia ya matipa, kati ya stoo na choo. Kengele mia moja hazitalifuta doa hilo. Kuhamisha choo kutalifuta, na gharama yake ni asubuhi moja ya vibarua wawili.

Hapa kuna utata mmoja. Mwaka 1931 Herbert Heinrich, aliyekuwa akifanya kazi kwenye bima, aliandika kwamba kwa kila ajali kubwa kuna 29 ndogo na 300 zisizoumiza mtu, na wengi wakaelewa kwamba ukipunguza ndogo, kubwa nazo zitapungua. Namba zake zimepingwa sana, na kwa haki. Kupunguza vidole vilivyokatwa si lazima kupunguze watu waliokanyagwa na lori, maana ni hatari za aina mbili. Mfumo unaojivunia kurekodi maelfu ya "nusura ajali" uulizwe kwanza ni nusura za nini.

Kwenye barabara kuu, gari ndilo linalowafuata watu. Nchini Marekani ajali kwenye maeneo ya matengenezo ya barabara zimeua zaidi ya watu 800 kila mwaka tangu 2019, na karibu wanne kati ya kila watano ni wale walio ndani ya magari yanayopita. Nyuma ya mafundi wanaopaka mistari barabarani huwekwa lori lenye mto mkubwa wa kufyonza mgongano. Kazi ya lori hilo ni kugongwa badala ya mafundi. Na ndani yake, kwa miaka yote, kulikuwa na dereva anayelipwa kukaa akisubiri kugongwa. Mwaka 2017 idara ya uchukuzi ya jimbo la Colorado ilianza kutumia lori la namna hiyo lisilo na mtu: lori la mbele, lenye dereva, hutuma alama za lilikopita, na la nyuma huzifuata hatua kwa hatua. Teknolojia yake si ya kutisha ukiilinganisha na magari yanayojiendesha mjini. Lakini imemtoa mtu kwenye kiti kibaya kuliko vyote.

Kamera iliyogeuzwa kumtazama dereva

Dereva anaposinzia, vihisi vyote vya nje vinamtegemea mtu asiyekuwepo. Tangu miaka ya 1990 watafiti hutumia kipimo kiitwacho PERCLOS: sehemu ya muda, kwa mfano ndani ya dakika moja, ambayo kope zimefunika mboni kwa asilimia 80 au zaidi. Kupepesa kwa kawaida hakuhesabiki sana. Kope zinazoshuka polepole ndizo zinazohesabika. Kamera ndogo kwenye dashibodi inaweza kupima hilo usiku na mchana, ingawa miwani ya jua huisumbua.

Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya, ambayo makatazo yake yalianza Februari 2025, inapiga marufuku mifumo ya kusoma hisia za wafanyakazi, isipokuwa kwa sababu za kiafya au za usalama. Sheria yenyewe inafafanua kuwa uchovu ni hali ya mwili, hauhesabiwi kuwa hisia. Kwa hiyo kumpima dereva usingizi kunaruhusiwa, kumpima kama amekasirika ili apewe onyo hakuruhusiwi. Mstari huo umechorwa mahali pazuri, lakini ndani ya saiti swali halisi ni nani anayeitazama video saa kumi na mbili jioni. Ikimfikia mpanga zamu, dereva atapumzishwa. Ikimfikia mkata mishahara, wiki ijayo lenzi itakuwa na kibandiko.

Kuna na hatari ya kinyume chake, ya kuuamini mfumo kupita kiasi. Dereva aliyefanya kazi miezi sita na kifaa kisichokosea huacha kugeuza shingo. Utingo aliyekuwa akisimama nyuma kumwongoza anapewa kazi nyingine, kwa hoja kwamba kamera ipo. Siku tope likipiga lenzi, ulinzi wote wawili umeshaondoka.

Kwa hiyo anayepelekewa mfumo huu saitini kwake asiridhike na onyesho la muuzaji, ambalo hufanywa asubuhi, jua likiwa mgongoni, na mtu mrefu aliyevaa vesti mpya. Atafute sanamu la mtu, alivike nguo zilizokwishachakaa kwa saruji, alichuchumaze nyuma ya tipa lililosheheni, nusu likiwa limefichwa na rundo la nondo. Asubiri jua la jioni lipige lenzi moja kwa moja. Amwambie dereva arudi rivasi kwa mwendo wake wa kila siku, bila kumwambia sanamu liko wapi. Lori likisimama, achukue tepu apime kutoka kwenye tairi hadi kwenye goti la sanamu. Kisha apake lenzi tope, arudie.